Mkaguzi huja asubuhi, CPU humenya usiku

BEI ya Arabika ilipovuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, Februari 2025, mwenye mtaji mdogo alipata sababu ya kutazama upya milima ya Umatengo. Anayefikiria kuingia ubia katika mtambo wa kumenya kahawa wilayani Mbinga, ule ambao wenyeji huuita CPU, kwanza hupiga hesabu ya kilo, maji na dizeli. Mkono wa kibarua na mkanda wa mashine haumo katika hesabu hiyo. Hilo huachiwa mkaguzi, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Wakaguzi wenyewe si wa aina moja. Yupo wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioundwa mwaka 2001. Anatumia Sheria Na. 5 ya 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950, na anaweza kusimamisha mashine aliyoiona ni ya hatari. Yupo pia mkaguzi wa nembo, kama Fairtrade au Rainforest Alliance. Huyu hana mamlaka ya kumfungia mtu mlango, ila cheti kikisitishwa nyongeza ya bei hupotea.

Nyongeza ya Fairtrade kwa kahawa ni senti 20 za dola kwa ratili. Gunia la kilo 60 lina ratili 132, kwa hiyo ni dola 26.40. Kwa magunia 300, kiasi cha kontena moja, ni dola 7,920. Kinga ya bati ya kufunika mkanda, kazi ya fundi wa kuchomelea wa mjini, haikaribii fedha hizo hata kidogo.

Tatizo kubwa zaidi ni muda. Mkaguzi wa nembo hutoa taarifa, akafika asubuhi, akaona sakafu imeoshwa na vibarua wamevaa gambuti zilizonunuliwa juzi. Kahawa mbivu haingoji asubuhi. Ikifika jioni haina budi kumenywa usiku huo, la sivyo inachacha na daraja linashuka. Kwenye kilele cha mavuno, mtambo ule ule uliopewa alama nzuri huwa na taa moja, sakafu yenye utelezi wa maganda na vijana wasiowahi kuoneshwa swichi kuu ilipo. Kahawa ikikwama, mtu hupeleka mkono huku mashine inazunguka, kwa kuwa foleni ya wakulima inapiga kelele nje. Hakuna fomu ya ukaguzi inayoiona saa hiyo.

Shimo la maji machafu nalo husahaulika. Maji ya kahawa yakioza hutoa gesi inayoweza kumzimisha mtu aliyeshuka kuzibua bomba, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Uzio na marufuku ya kushuka peke yako si gharama ya kumfilisi mtu.

Mgeni mwenyewe pia ni hatari ya kuhesabiwa. Hajui sakafu inateleza wapi, huinama karibu na mkanda ili aone vizuri, na meneja mwenye hamu ya kumpendeza huiwasha mashine kabla kinga haijarudishwa. Msimamizi wa zamu ndiye anayepaswa kumwongoza, tena mwenye amri ya kuzima mashine bila kumuuliza mwenye mali.

Kuhusu fidia, mchango wa mwajiri binafsi kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015, umeshushwa kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi 0.5. Ni mdogo, lakini hukokotolewa kwa orodha ya malipo. Kibarua wa wiki tatu asiye na jina humo akiumia, ugomvi unabaki mlangoni kwa mwenye mtambo.

Mambo hayabadiliki sana ukiteremka kilometa 66 hadi Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Chombo hukaguliwa kikiwa kitupu gatini. Mfanyabiashara hupakia mzigo wake baadaye, na upepo wa kusini wa kiangazi haujui cheti. Kwenye makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa kibiashara 2011, swali la kuulizwa ni dereva wa lori la kukodi yumo katika tathmini ya nani.

Anayetaka ubia kabla ya msimu na aombe daftari la ajali la mwaka uliopita, asome kurasa za Julai na Agosti. Likiwa halina hata kidole kilichochubuka katika mtambo unaomenya hadi alfajiri, basi halikuandikwa. Kisha aende kuutazama mtambo mwenyewe mavuno yakiwa yamepamba moto, saa tatu usiku.