Kusawazisha Folda za Barua Pepe kwenye Kompyuta Zaidi ya Moja

Ukiulizwa kwa nini barua pepe inaonekana kwenye kompyuta moja na haionekani kwenye nyingine, usikimbilie kujibu kwamba mtandao ulikuwa mbovu. Kwanza jiulize: barua halisi inakaa wapi? Ukilijua hilo, mada hii yote inakuwa nyepesi.

Mfano

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012, lakini shughuli za watu zinavuka mpaka huo kila siku. Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kina anwani moja ya barua pepe. Katibu anaitumia kwenye kompyuta ya ofisini Nkwenda, Kyerwa. Mhasibu anaitumia kwenye kompyuta mpakato akiwa Kayanga, Karagwe.

Jumatatu mnunuzi anauliza chama kina magunia mangapi. Katibu anajibu: 120. Jumatano mhasibu anaikuta barua ileile ikiwa bado haijasomwa, na jibu la katibu halioni popote. Naye anajibu: 150. Mnunuzi sasa ana majibu mawili kutoka anwani moja. Aamini lipi? Chama kinaweza kupoteza biashara, na hakuna aliyedanganya.

Chanzo cha tatizo

Kompyuta zao zilipokea barua kwa itifaki ya POP3. Itifaki ni kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapowasiliana. POP3, iliyotolewa mwaka 1988, huichukulia seva kama sanduku la posta: unafika, unachukua barua, unaondoka nazo. Unaweza kuiagiza iache nakala kwenye seva, ndiyo maana mhasibu aliiona barua ya mnunuzi. Lakini alama ya "imesomwa", folda ulizounda na majibu uliyotuma hubaki ndani ya kompyuta uliyotumia.

Suluhisho: IMAP

IMAP ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Hapa barua halisi hubaki kwenye seva, na kila kompyuta huonyesha nakala yake tu. Fikiria daftari la mahudhurio linalokaa ofisi ya mwalimu: kila mwalimu huandika katika daftari hilohilo, hivyo anayelifungua baadaye huona yaliyoandikwa na wenzake.

Usawazishaji hufanyika hivi:

1. Seva huipa kila barua ndani ya folda namba yake ya utambulisho. Barua mpya hupata namba kubwa kuliko zilizotangulia.
2. Kompyuta hukumbuka namba ya mwisho iliyoiona. Ikiunganishwa tena, huomba barua zenye namba kubwa zaidi, kwa hiyo hailazimiki kupakua zote upya na kumaliza bando.
3. Kompyuta huuliza pia alama za barua za zamani: imesomwa, imejibiwa, imefutwa.
4. Ukisoma, ukihamisha au ukifuta barua, badiliko hilo hupelekwa kwenye seva. Kama hakuna mtandao, programu nyingi hulihifadhi na kulipeleka mtandao ukirudi.

Kwa njia hii mhasibu angeona kwamba barua imeshajibiwa. Na kama programu ya katibu imewekwa ihifadhi barua zilizotumwa kwenye seva, angelisoma na jibu lenyewe: magunia 120.

Zingatia

- POP3 na IMAP ni za kupokea na kusoma barua. Kutuma ni kazi ya SMTP. Watahiniwa huzichanganya.
- Poti za kawaida: POP3 hutumia 110, au 995 ikiwa na usimbaji fiche. IMAP hutumia 143, au 993 ikiwa na usimbaji fiche.
- Folda iliyoundwa ndani ya kompyuta pekee, nje ya akaunti, haisawazishwi.
- Kusawazisha si kuhifadhi nakala rudufu. Katibu akifuta barua Nkwenda, itafutika na Kayanga pia. Barua muhimu, kama mkataba, itunzwe pia kwenye diski au flashi.

Swali la mfano

Chama sasa kinatumia IMAP. Katibu amehamishia barua ya mnunuzi kwenye folda aliyoiunda ndani ya kompyuta yake, nje ya akaunti. Mhasibu haioni tena barua hiyo, hata kwenye kikasha. Eleza sababu na namna ya kurekebisha. (Alama 4)

Jibu

Folda hiyo ipo kwenye kompyuta ya katibu, haipo kwenye seva (alama 1). Kuhamisha barua kulinakili barua hiyo kwenye kompyuta ya katibu na kuiondoa kwenye seva, hivyo kompyuta ya mhasibu nayo ikaiondoa (alama 1). Katibu aunde folda ndani ya akaunti, ili iwe kwenye seva (alama 1). Kisha airudishe barua kwenye folda hiyo na mhasibu asawazishe kompyuta yake (alama 1).

Angalia kwamba anayejibu "mtandao ni mbovu" hapati hata alama moja.

Mada hii utaihitaji hata baada ya mtihani. Ukiomba nafasi ya chuo ukitumia kompyuta ya dukani Omurushaka, kisha ukasubiri majibu kwenye simu nyumbani, hakikisha barua zako zinabaki kwenye seva. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, maana anayekaa kwenye kiti hicho baada yako anaweza kufuta barua dukani, nayo ikatoweka hadi kwenye simu yako.