Reli ya Voi na Jeshi la Wapagazi

Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Jeshi la Kiingereza halikuweza kuwaendea upesi, maana kutoka Voi hadi huko ni nyika kavu. Kwa hiyo mwaka 1915 reli ilijengwa kutoka Voi. Mwezi wa Juni ikafika Maktau, na maji yakaletwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Machi 1916 Taveta ilikombolewa.

Vita viliposonga mbele ya reli, mizigo mingi ilichukuliwa vichwani na Kariakoo, ndilo jeshi la wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa katika Afrika ya Mashariki, wengi kwa maradhi wala si kwa risasi. Jina lao lingali likitajwa kila siku sokoni, Nairobi na Dar es Salaam.