Usitupe picha kuukuu, kwanza muulize nyanya majina

Je, msomaji, ukienda nyumbani Embu au Meru wakati wa Krismasi, huwa unatazama nini ukutani? Katika nyumba nyingi za huko hukosi fremu kubwa ya mbao, kioo chake kimepata ufa pembeni, na ndani yake zimebanwa picha kumi au kumi na tano. Babu amevaa kabuti. Shangazi yuko katika nguo nyeupe siku ya kipaimara. Mjomba amesimama studioni mbele ya pazia lililochorwa ndege. Unaziona kila mwaka, lakini je, unaweza kuwataja wote hao kwa majina?

Mimi siwezi. Nyumbani kwetu, karibu na Runyenjes, kuna picha ya wanaume watano mbele ya duka la mabati. Wawili tuliwajua tangu zamani: babu na ndugu yake mdogo. Wale watatu bila shaka walikuwa marafiki, maana mmoja amemwekea babu mkono begani. Hata hivyo, babu aliaga dunia kabla yeyote kati yetu hajafikiria kumuuliza. Nyanya alikumbuka jina la mmoja tu, tena jina la utani. Leo nyanya naye hayupo.

Kukusanya picha na kadi za posta za zamani ni uraibu unaopendwa na watu wengi duniani. Wako wanaotumia pesa nyingi kuzinunua mnadani. Lakini kwetu sisi uraibu huu hauhitaji mfuko mzito. Unahitaji penseli, subira, na mzee aliye hai. Huyo wa tatu ndiye asiyengoja.

Mwariama aitwa Kimathi

Usidhani kwamba ni watu wa kawaida tu wanaopoteza majina yao pichani. Iko picha moja mashuhuri ya Mzee Jomo Kenyatta akiwa na mpiganaji wa msituni mwenye nywele ndefu zilizosokotana. Mara kwa mara picha hiyo husambazwa katika mitandao ya kijamii ikidaiwa kwamba mpiganaji huyo ni Dedan Kimathi.

La hasha! Huyo ni Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau kutoka Meru, aliyetoka msituni baada ya uhuru wa Desemba 12, 1963. Tarehe zenyewe zinatosha kuondoa shaka. Kenyatta alikamatwa Oktoba 20, 1952, usiku ambao hali ya hatari ilitangazwa, na hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Vita vya msituni, vilivyowaotesha wapiganaji nywele za namna hiyo, vilipamba moto Kenyatta akiwa tayari kizuizini. Kimathi alitiwa mbaroni Oktoba 21, 1956, akanyongwa Februari 18, 1957. Wawili hao wangekutana lini ili wapigwe picha hiyo?

Mwariama aliishi hadi mwaka wa 1989. Ikiwa mtu mashuhuri kama huyo anaweza kunyang'anywa uso wake na kupewa mwingine, sembuse babu yako ambaye hakuandikwa katika kitabu chochote?

Simba ana jina, mtu hana

Kadi ya kwanza ya posta ilitolewa Austria mnamo Oktoba 1, 1869. Haikuwa na picha. Kadi zenye picha zilishika kasi baadaye, na kufikia mwaka wa 1900 zilikuwa zikitumwa kila pembe ya dunia. Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Kule Unguja, studio ya A. C. Gomes ilipiga na kuuza picha za mji na watu wake. William Young naye aliifuata reli ya Uganda na kamera yake ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa.

Meru na Embu zilichelewa kuingia katika kadi hizo. Serikali ya kikoloni iliishambulia Embu mwaka wa 1906, na E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, akaweka boma Meru mwaka wa 1908. Isitoshe, reli haikupita huku. Wageni wengi waliishia Nairobi, ama Nanyuki kutazama Mlima Kenya. Ndiyo maana kadi za zamani za Meru na Embu ni adimu kuliko zile za Mombasa.

Wamishonari nao walipiga picha nyingi. Wamishonari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walifika Kenya mwaka wa 1902 na kuingia Meru mwaka wa 1911. Mmoja wa viongozi wao, Filippo Perlo, alikuwa mpiga picha hodari. Picha hizo zilipelekwa kwao kuwaonyesha waumini kazi iliyokuwa ikifanyika huku, na nyingi zimehifadhiwa Turin hadi leo.

Sasa soma maandishi yaliyo chini ya kadi za enzi hizo. Utakuta "shujaa wa Kimeru", "msichana wa kienyeji" au "wenyeji wakicheza ngoma". Jina la mtu halipo. Mpiga picha ametajwa, aliyechapisha ametajwa, lakini mwenye uso hakutajwa.

Hebu linganisha na Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson. Elsa alikufa mwaka wa 1961 na kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Meru. Kitabu kiliandikwa juu yake mwaka wa 1960, na filamu ikafuata mwaka wa 1966. Dunia nzima ilimjua simba wa Meru kwa jina lake. Watu wa Meru katika kadi walibaki "wenyeji" tu.

Ipo pia picha ambayo mwenyewe hakuiomba. Wakati wa hali ya hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kuwa na vitabu vya pasi vyenye picha zao ili waruhusiwe kusafiri na kufanya kazi. Basi ukipata kijipicha kidogo cha babu amekunja uso kama aliyemeza shubiri, usiseme kwamba alikuwa mkali. Huenda hakuwa amekwenda studio kwa hiari yake.

Picha ina umri gani?

Kujua umri wa picha au kadi si uchawi. Geuza kwanza, usome nyuma.

Kwa kadi za posta, tazama kama upande wa anwani umegawanywa kwa mstari katikati. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka wa 1902, na Marekani mwaka wa 1907. Kabla ya hapo upande huo ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu zikabanwa kando ya picha.

Kisha tazama stempu. Zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza mwaka wa 1935. Kichwa cha Mfalme George wa Tano ni cha mtawala aliyefariki mwaka wa 1936. Kenya ilitoa stempu zake wakati wa uhuru mwaka wa 1963. Muhuri wa posta ukisomeka, umemaliza kazi: tarehe hiyo hapo.

Picha za familia nazo zina dalili zao. Picha ndogo nyeusi na nyeupe zenye kingo zilizokatwa meno meno aghalabu ni za miaka ya 1950 na 1960. Picha ya rangi iliyogeuka na kuwa nyekundu nyekundu huenda ni ya miaka ya 1970, kwa sababu rangi nyingi za wakati huo hazikuwa imara. Ajabu ni kwamba ile nyeusi na nyeupe ya babu yaweza kudumu kuliko ya rangi ya harusi ya mama.

Tahadhari moja kwa anayenunua kadi: si kila "Meru" ni Meru yetu. Uko Mlima Meru karibu na Arusha, Tanzania, na Wameru wa huko ni watu wengine. Ukiona stempu au maandishi ya Kijerumani, jua umevuka mpaka. Bango la ikweta pia si ushahidi wa mahali, kwa kuwa ikweta huikata barabara Nanyuki na vilevile kati ya Meru na Nkubu.

Anza Jumamosi hii

Nenda kwa mzee mkubwa zaidi katika ukoo wenu. Kaa naye mchana kunapokuwa na mwanga mzuri, usiwe na haraka. Mwonyeshe picha moja moja, umuulize: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani, na ni nani aliyepiga? Akisahau mwaka, muulize ilikuwa kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya mtoto fulani kuzaliwa.

Andika majibu nyuma ya picha, kwenye ukingo, kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino huvuja na kutokea upande wa pili. Taja watu kutoka kushoto kwenda kulia, na uandike pia ni nani aliyekuambia.

Shika picha pembeni, mikono ikiwa safi na mikavu. Usitumie gundi wala utepe wa kunatisha. Albamu zenye kurasa za kunata huharibu picha kwa miaka. Bahasha za karatasi ni bora. Usiziweke chini ya paa la mabati kunakochemka mchana, wala jikoni kwenye moshi. Picha ikiwa imegandamana na kioo cha fremu, usiibandue. Ipige kwa simu hivyo hivyo ilivyo, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Piga na upande wa nyuma.

Muhimu kuliko yote, usimnyang'anye mzee picha yake. Nakili, kisha urudishe siku hiyo hiyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wengi walioazima picha "kwa siku mbili" hawakuzirudisha kamwe.

Ukitaka kuona jinsi kumbukumbu zinavyotunzwa, watembelee Makumbusho ya Meru mjini, katika jumba la mawe lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya wa kikoloni. Ukiwa Nairobi, ingia katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Humo umo mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, ambaye alikusanya vitabu, sanaa na stempu maisha yake yote. Ushahidi kwamba uraibu huu si wa wazungu peke yao.

Lakini nimalizie na wale wanaume watano. Mwaka jana, katika mazishi ya jirani, niliwaonyesha wazee picha hiyo kwenye simu. Mmoja wao aliishika, akaitazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani haoni vizuri.

"Huyu wa pili kutoka kushoto ni baba," alisema hatimaye. "Mwanangu, sisi hatuna picha yake hata moja. Nilikuwa nimeanza kuisahau sura yake."

Kwa miaka yote hiyo sisi tulikuwa na uso bila jina, na wao, vilima viwili kutoka kwetu, walikuwa na jina bila uso. Nilimpelekea nakala wiki iliyofuata. Nyuma ya picha yetu nimeandika jina la baba yake kwa penseli.

Sasa wamebaki wawili. Na wewe je, wako wangapi ukutani kwenu?