Gari la Mbio la Kujiundia (2): Seti Ipi Itafika Rodi Kopany?

Wiki iliyopita tulimwacha Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, akipakia Lotus Seven kwenye makasha. Kwa walioikosa sehemu hiyo: huko Uingereza, kuanzia 1957, gari hilo dogo la viti viwili liliuzwa vipande vipande ili mnunuzi alifunge mwenyewe nyumbani, kwa kuwa gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi na vipande vitupu havikutozwa. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza kasha kuwa na maelezo ya kuunganisha gari. Chapman akatia maelezo ya kulifungua, na wateja wakayasoma kuanzia mwisho. Mwaka wa 1973 VAT iliingia Uingereza na mwanya ukazibwa. Mwaka huo huo haki za kuunda Seven zikaenda kwa Caterham, ambao wanaiunda hadi leo.

Tangu makala hiyo itoke, fundi mmoja wa mageti hapa Rongo amenijia mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na picha kwenye simu: Seven nyekundu, tumbo limekaribia lami, magurudumu ya mbele yametokeza nje kama miguu ya panzi.

"Japuonj, hii ndiyo nataka kuunda."

"Utaiendesha wapi, omera?"

"Hapa hapa. Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay. Krismasi niende nayo Mbita."

"Na ikikukatikia Mbita Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi spea utaitoa wapi?"

Alicheka, akarudisha simu mfukoni. Lakini hakujibu, na kwa maoni yangu hakuna swali jingine la kumtangulia mtu anayechagua seti yake ya kwanza.

Neno seti lenyewe linapotosha. Watu hudhani ni kama kabati la kununua mjini: unafungua kasha, unahesabu skrubu, jioni umeshapanga vyombo. Kampuni nyingi hukupa chesisi, bodi ya faibaglasi au alumini, mikono ya kushikia magurudumu na labda tangi la mafuta. Injini, gia boksi, difu, breki, beringi, nyaya za umeme, usukani, hata waipa, hivyo vyote utavitoa kwenye gari jingine lililogongwa au lililochoka. Mimi huliita gari hilo gari mama, maana mtoto atafanana naye apende asipende. Ukishachagua seti umeshachagua na mama yake, na wengi hujikwaa hapo kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye rangi ya bodi.

Seti za Waingereza zimepangwa kumzunguka Ford Escort wa zamani, Ford Sierra, na siku hizi Mazda MX-5. Zunguka Migori mjini, Awendo na Oyugis kutwa nzima. Ukiona MX-5 moja, njoo unidai soda. Utakachoona ni Probox iliyoshiba abiria mpaka kwenye buti, Corolla 110, Fielder, na nyuma ya gereji fulani Corolla ya miaka ya themanini, ile tuliyoizoea kwa jina la DX, imelala juu ya mawe na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Seti nzuri kabisa iliyoundwa kwa ajili ya Sierra ikifika Rongo ni yatima. Na kabla haijafika kuna nauli ya meli, cheti cha ukaguzi wa viwango kabla ya mzigo kupakiwa, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya jumla ya hayo. Nafuu wanazopewa waunganishaji wa magari wa Thika, Mombasa na Nairobi ni za waliosajiliwa kwa kazi hiyo. Kasha lako moja litahesabiwa kama mzigo wa mtu binafsi.

Kwa hiyo mara ya pili kijana wangu alikuja na wazo lingine: asinunue seti, anunue michoro. Njia hii ina baba yake, Ron Champion, Mwingereza aliyetoa mwaka wa 1996 kitabu cha kumwelekeza mtu kujiundia gari la umbo la Seven kwa chuma cha kawaida. Jalada linaahidi gari kwa pauni 250. Bei hiyo iache huko huko kwenye jalada. Mpango wenyewe ni wa busara: fremu ya bomba za mraba za inchi moja, unene wa milimita 1.6, ambao wenye maduka ya vyuma huuita geji 16, zikipangwa pembetatu juu ya pembetatu ili zisijipinde.

Mtu wa mageti husikia hivyo akadhani kazi imekwisha, maana chuma hicho hukichomelea kila siku. Hapa nitakaa kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua bomba nane katika duka ambalo sitalitaja, nikaambiwa ni geji 16. Nyumbani nikazipima kwa kalipa: milimita 1.2. Robo ya chuma niliyoilipia ilikuwa hewa. Kwa dirisha la bafu hakuna neno. Kwa chesisi itakayobeba injini, watu wawili na mashimo ya barabara, ule upungufu ndio utakaopasuka kwanza, tena pembeni ya pale ulipochomelea, ambapo moto ulikilegeza chuma. Basi nenda dukani na kalipa mfukoni, upime ncha zote mbili za kila bomba, hata kama muuzaji atakununia.

Kisha kuna uchomeleaji wenyewe. Mashine ya vijiti ya kawaida hutoboa bomba jembamba haraka sana. Fundi wangu, mwenye mkono mzuri tu, alitoboa tundu la kupitisha kidole katika jaribio la kwanza. Mashine ya waya na gesi ni tulivu zaidi, na ukiwa huna, kukodi siku chache si hasara. Nilimpa mtihani mmoja. Achomelee vipande viwili kwa umbo la T, avibane kwenye jiliwa, apige nyundo mpaka kitu kiachie. Cha kwanza kiliachia palepale kwenye mshono, kikatoka safi kama jino bovu. Ndani chuma kilikuwa bado kinang'aa, moto haukuingia. Cha tano kilijikunja, bomba likachanika na mshono ukabaki mzima. Nikamwambia sasa anaweza kuanza kufikiria gari.

Alifikiria DX. Si wazo baya: DX huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma kama Seven, injini yake ndogo huijua kila fundi, na ekseli ya nyuma ni kipande kimoja unachoweza kukibeba kwa mkokoteni. Tatizo liko mbele. Mchoro wa Champion ulichukua kutoka Ford Cortina kile kipande cha chuma kizito kinachobeba beringi ya gurudumu la mbele, kikashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Cortina zilikuwa tele barabarani nilipokuwa shule. Leo hata mayai ya kuku hayatagwi ndani yake. DX nayo imejengwa kwa nguzo ndefu ya shokabzoba inayopanda mpaka chini ya boneti, na pua ya Seven haina nafasi ya nguzo hiyo. Una injini, una ekseli, huna miguu ya mbele. Mikono na vishikio vya kuziba pengo hilo utavibuni mwenyewe, na kubuni sehemu zinazoamua gari linakwenda wapi si kazi ya gari la kwanza.

Hata tungezipata Cortina, bado kuna matuta. Ili kumaliza ubishi tulifunga ubao chini ya Probox ya rafiki yangu, sentimita 11 kutoka ardhini, kuiga tumbo la Seven, tukatoka Rongo kuelekea Rodi Kopany. Ubao ulikwaruza tuta la kwanza, ukagonga la pili, na kabla ya safari kufika nusu ukabaki barabarani nyuma yetu. Mtoto mmoja aliuokota akatukimbiza nao. Na hiyo ni lami. Toka pembeni kidogo, ingia udongo mweusi wa bonde la Lambwe baada ya mvua, au njia za matrekta ya miwa karibu na Awendo, halafu uniambie habari za Seven.

Kwa hiyo mimi humwelekeza mtu wa huku kwenye ukoo mwingine wa magari ya kujiundia, ambao nadhani hupuuzwa kwa sababu hauna sura ya kifahari. Mwaka wa 1964 huko California, Bruce Meyers, mtu wa mashua za faibaglasi, aliunda Meyers Manx: bodi nyepesi kama bafu, ikakalishwa juu ya Volkswagen ya kobe iliyofupishwa, tumbo juu, magurudumu manene, injini nyuma. Mwaka wa 1967 gari la aina hiyo lilikatiza jangwa la Baja, Mexico, kutoka La Paz hadi Tijuana kwa chini ya saa 35. Kwetu mama yake hakuhitaji kutambulishwa. Volkswagen hiyo hiyo ilishinda Safari Rally ya 1954, ya 1957 na ya 1962, wakati ambapo njia za mashindano hayo zilikuwa tope kwa siku nzima. Uzito wa injini juu ya magurudumu yanayosukuma ndio ulioikwamua.

Kobe wenyewe wamekuwa adimu, lakini hesabu yao tunaweza kuifanya na Toyota. Chukua Corolla 110 au Probox ya gia za mkono iliyogongwa nyuma. Injini, gia boksi na ekseli zake fupi vimekaa mbele kwa mkingamo, kama furushi moja. Litoe furushi lote, na nguzo zake za shokabzoba, ulihamishie nyuma ya viti. Si ubunifu wangu. Fiat walifanya hivyo mwaka wa 1972 walipochukua mtambo wa gari lao la familia, Fiat 128, wakaunda X1/9. Toyota wenyewe wakafuata mwaka wa 1984 na MR2, iliyochota mtambo wake kwa ndugu yake Corolla. Fremu inakuwa ya bomba za duara, pana na iliyo wazi, na vyuma vya kukinga kichwa vikiwa sehemu ya fremu yenyewe tangu mwanzo. Sura yake ni ya kizimba cha kuku. Lakini fundi wa mageti anaweza kuisoma, na ikivunjika Mbita, kila kinachozunguka ndani yake kinapatikana kwenye gereji ya Probox.

Mambo mawili humtesa anayefuata njia hii. Magurudumu ya mbele ya Corolla yalizaliwa yakigeuka. Yakihamia nyuma lazima ile fimbo ya usukani ifungwe kwenye fremu, kila upande, kwa kiungo kinachorefushwa na kufupishwa, mpaka gurudumu lisiweze kujipinda hata nywele. Likipata uhuru mdogo tu, kwenye kona gari litataka kutangulia kwa matako. Jambo la pili ni maji. Radieta ikibaki mbele na injini iko nyuma, mabomba marefu hunasa hewa na injini huchemka huku maji yamejaa. Weka tundu la kutolea hewa mahali palipo juu kuliko pote.

Nguvu isikusumbue. Corolla ya farasi 100 hivi hubeba takriban tani moja. Injini ya zamani ya farasi 60 ndani ya gari la kilo 550 tayari inaishinda kwa kila kilo inayosukuma, na mtambo wa Corolla ndani ya kizimba chepesi ni zaidi ya anachohitaji mtu ambaye hajawahi kukata kona kwenye changarawe.

Karatasi sasa, kwa ufupi maana zinaudhi. Gari lisilosajiliwa haliruhusiwi barabarani, na usukani uwe kulia. Uingereza kuna ukaguzi maalum wa gari moja moja, uitwao IVA, uliowekwa kwa watu wa aina yetu. Hapa Kenya anza na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, upate jibu la maandishi kabla hujakata bomba la kwanza, na logbuku ya gari mama iwe mkononi mwako, si kwa mjomba wa aliyekuuzia. Maoni yangu ni kwamba gari la kwanza lisiundwe kwa ajili ya barabara kabisa. Mashindano ya autocross nchini yana daraja la buggy, yanafanyika kwenye uwanja uliofungwa, na hapo utayajua makosa yako bila kumgonga mtu wa boda boda.

Na mkitaka mfano wa nyumbani wa uzito wa spea, tazameni gari la Nyayo. Rais Moi aliwaomba watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walibuni mwaka wa 1986. Likazinduliwa 1990, magari matano ya majaribio, na halikufika sokoni. Shirika lililoundwa kwa ajili yake bado lipo, kwa jina la Numerical Machining Complex, na linachonga vipuri.

Mara ya tatu kijana alikuja kunichukua. Alikuwa amenunua Corolla 110 iliyopondwa buti, na furushi la injini lilikuwa juu ya tairi mbili, limefunikwa turubai. Kwenye sakafu ya banda alikuwa amechora kizimba chake kwa chaki, ukubwa wenyewe. Nilimwomba akae kwenye kigoda mahali pa kiti na ashike usukani mkononi, nami nikaweka matofali mahali pa pedali. Magoti yake yaligonga usukani. Tukausogeza mbele, mikono haikufika. Tukasogeza pedali, miguu ikatoka nje ya mstari wa magurudumu ya mbele, mahali ambapo hakuna chuma cha kuilinda. Tulifuta chaki kwa tambara lenye maji, tukarefusha kizimba kwa sentimita 12, tukachora tena.

Wiki ijayo: breki, na kwa nini zile za Corolla zitalibana gari jepesi nyuma kabla ya mbele.