Sekunde Tano Kabla ya Kugonga: Kumbukumbu ya Gari ni ya Nani?

Kati ya viti viwili vya mbele, chini ya mkono wa gia, Toyota nyingi zinazoingia Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kupitia mpaka wa Kasindi zina kisanduku cha bati kinachoenea kiganjani. Plagi zake huwa za njano, na fundi wa umeme wa magari akiiona njano hiyo anajua ameufikia mfumo wa mifuko ya hewa, kwa hiyo hagusi kitu kabla ya kuchomoa waya wa betri. Kazi ya kisanduku ni kuamua, upesi kuliko kupepesa jicho, kama gari limegonga kweli na mifuko ijae. Lakini kina kazi ya pili ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuambiwa. Kikipata mshtuko mkubwa, kinaweka kumbukumbu ya sekunde chache zilizotangulia: gari lilikuwa na mwendo gani, dereva alikanyaga mafuta au breki, mkanda ulifungwa au haukufungwa. Toyota ilianza kuweka kumbukumbu za namna hiyo miaka ya mwanzo ya 2000, na kwa kuwa magari yetu mengi hutufikia baada ya kutumika Japani miaka kumi na zaidi, shahidi huyu yuko nasi tayari. Anapita Maboya kwenda Beni na kurudi kila siku, na hakuna anayemuuliza neno.

Tuanze na kile anachokijua. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2006, iliyoanza kubana magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2012, inasema kwamba gari dogo lenye kisanduku hicho lihifadhi sekunde 5 za mwendo, mafuta na breki, zikipimwa mara 2 kila sekunde. Desemba 2024 Marekani iliamua muda huo ufike sekunde 20, na vipimo viwe 10 kila sekunde. Umoja wa Ulaya umekifanya kisanduku kuwa cha lazima: kwa aina mpya za magari madogo tangu Julai 2022, na kwa kila gari dogo jipya tangu Julai 2024. Hakirekodi sauti, na kanuni hizo hazikidai kijue mahali gari lilipo. Hapa ndipo wengi wanapokichanganya na GPS ambayo matajiri wa magari huificha nyuma ya dashibodi. GPS ina laini ya simu ndani yake na inatuma habari saa zote, ajali iwepo isiwepo. Kisanduku hakijui kama ulikuwa Kyondo au Kasindi. GPS inajua hata ulisimama kwa nani njiani na ukakaa dakika ngapi. Anayevikataa vyote viwili kwa hofu moja anajinyima shahidi, na anayevipokea vyote viwili kwa imani moja anajiweka uchi.

Ninachodai katika makala hii ni kwamba kurekodi kwenyewe si dhambi. Dhambi inaanza pale anayerekodiwa asipojua, na ufunguo wa kumbukumbu unapokaa mikononi mwa mtu mwenye faida ya kumlaumu. Chukua neno ambalo kila dereva wa ukanda huu hulitamka baada ya ajali mteremkoni: breki zimekataa. Polisi wa rulaji wanachora mchoro wao barabarani, waliokuwa pembeni wanasimulia walichokiona au walichosikia wenzao wakisema, na dereva, ambaye mara nyingi si mwenye gari, ndiye anayelala ndani. Mwenye gari anasema dereva alikuwa anakimbiza. Dereva anasema aliomba breki zibadilishwe akaambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Kisanduku kinaweza kuwatenganisha hawa wawili. Kikionyesha pedali ya breki ilikanyagwa sekunde nne nzima na mwendo haukushuka, lawama inahama kutoka kwenye mguu wa dereva kwenda kwenye mfuko wa mwenye gari. Kikionyesha pedali haikuguswa kabisa, dereva naye ana la kujibu. Fuso za zamani hazina kisanduku hiki, ni kweli. Teksi na jipu za miaka ya karibuni mara nyingi zinacho, na ndizo zinazozidi kuongezeka.

Hata hivyo shahidi huyu hasemi kwa kila mtu. Kumsoma kunahitaji kifaa maalumu na programu yake, na kwa muda mrefu watengenezaji wa magari ndio waliokuwa wakikishika. Ubaya wa hali hiyo ulionekana Marekani mwaka 2010, wakati Toyota ilipotuhumiwa kwamba baadhi ya magari yake yanajiongezea mwendo yenyewe. Idara ya usalama barabarani ilisoma visanduku vya magari 58 yaliyopata ajali, na katika 35 kati ya hayo hakukuwa na dalili kwamba breki ilikanyagwa. Wataalamu wa NASA walioitwa kusaidia walitoa ripoti Februari 2011 bila kuona kosa la kielektroniki la kueleza ajali hizo. Kampuni ilikuwa imepata utetezi. Lakini mwaka 2014 kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuwaficha wateja na wakaguzi kasoro za mazulia yaliyonasa pedali na za pedali zilizogoma kurudi. Kumbukumbu za kisanduku zilikuwa kweli, ila hazikuwa kweli yote. Na kama zingebaki kusomwa na kampuni peke yake, umma ungesikia ile nusu inayoifaa kampuni. Ndiyo maana sheria iliyotiwa saini Marekani Desemba 2015 inasema waziwazi kwamba habari zilizo ndani ya kisanduku ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi, na wengine wazisome kwa idhini yake, kwa amri ya mahakama, au kwa sababu chache zilizotajwa.

Suala la garanti linafuata njia hiyohiyo. Gari jipya la kisasa linaandika katika kompyuta zake jinsi linavyotumiwa, na muuzaji huweza kuyasoma hayo siku unapodai matengenezo ya bure. Wamarekani walionunua Nissan GT-R mwaka 2008 walijifunza hivyo kwa uchungu: gia zilipovunjika, baadhi yao waliambiwa garanti haiwahusu kwa sababu walizima mfumo unaolizuia gari kuteleza, na gari lenyewe lilikuwa na kinasa kinachoandika hali zake. Kwetu wachache hununua gari jipya la namna hiyo. Ila pikipiki na malori mapya yanauzwa Butembo kila wiki pamoja na karatasi ya garanti, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: chombo hiki kinaandika nini, nani atasoma, na mimi nitapewa nakala?

Kwa gari la mtumba, ambalo ndilo gari letu, mambo yanageuka, na hapa kumbukumbu inakuwa silaha ya mnunuzi. Ukinunua kwa mtu aliyelitoa Dubai au Mombasa, atakuambia hakuna garanti, umeliona, umelijaribu, chukua. Si kweli kwamba sheria imekuacha mikono mitupu. Kanuni za mikataba zilizowekwa nchini kwetu tangu amri ya 30 Julai 1888, ambazo bado ni msingi wa sheria ya kiraia ya Kongo, zinambebesha muuzaji kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza. Tatizo siku zote limekuwa kuthibitisha. Kasoro inayojulikana zaidi ni kilomita zilizorudishwa nyuma: saa ya dashibodi inasoma 78,000 wakati gari limekimbia mara mbili ya hapo. Kuibadilisha namba ya dashibodi ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kompyuta. Lakini katika magari mengi kilomita haziandikwi mahali pamoja tu, na sanduku jingine linaweza kubaki na namba ya zamani kama mwizi hakulikumbuka. Isitoshe, cheti cha Japani cha kulitoa gari nchini kimeandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wake. Mnunuzi anayedai aonyeshwe cheti hicho, na anayemlipa fundi mwenye skana achomeke waya wake kwenye plagi iliyo chini ya usukani kabla ya pesa kuhesabiwa, ameshajitengenezea nusu ya garanti.

Fundi huyohuyo, bila kukusudia mabaya, ndiye mara nyingi anayemuua shahidi. Mifuko ya hewa ikishafunguka, taa nyekundu ya dashibodi haizimiki, na mteja anataka izimike ili auze gari au alirudishe kazini. Kisanduku kinafunguliwa, kumbukumbu ya ajali inafutwa kwa kompyuta, taa inazimika, na sekunde tano ambazo zingemtoa mtu gerezani zimepotea. Mnunuzi anayefuata hatajua kwamba gari liliwahi kugonga, wala kwamba kwenye usukani pengine pamefunikwa kifuniko kitupu kisicho na mfuko ndani.

GPS inataka maneno makali zaidi, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Barabara ya taifa namba 4 kati ya Beni na Kasindi ni kilomita 80 hivi, na malori yamechomwa humo na madereva wameuawa na waasi wa ADF. Katika nchi ya amani, habari kwamba lori fulani limeondoka Kasindi na litapita Bulongo saa fulani ni habari ya biashara. Kwetu ni habari inayoweza kuua. Tena haibaki mahali pamoja: inapita kwenye simu ya tajiri, kwa karani wake, kwenye kompyuta za kampuni iliyouza kifaa, labda nje ya nchi kabisa, na neno la siri mara nyingi ni lile lililotoka kiwandani ambalo hakuna aliyelibadilisha. Gari likivuka Mpondwe linaingia nchi yenye mpango mkubwa zaidi: Julai 2021 Uganda iliingia mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, wa kuweka namba za magari zenye uwezo wa kufuatiliwa, na mashambulizi kama lile la 1 Juni 2021 dhidi ya Jenerali Katumba Wamala yalitajwa kuwa sababu. Human Rights Watch ililalamika mwaka 2023 kwamba mpango huo unavunja faragha ya raia.

Tajiri wa magari atajibu, na jibu lake lina uzito. Lori ni lake, mkopo ni wake, mafuta yananyonywa njiani, na siku lori likitekwa GPS ndiyo itakayosema liko wapi. Ataongeza mfano wa Tanzania, ambako LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inafuatilia mabasi ya mikoani kwa kifaa, na basi likizidi kilomita 80 kwa saa linaonekana, abiria wananufaika. Nakubali yote hayo. Lakini mfano wa Tanzania unaniunga mkono mimi: dereva wa basi anajua anafuatiliwa, anajua na nani, kwa kosa gani, chini ya mamlaka ipi. Haki ya tajiri juu ya lori lake haimpi haki ya kumfuata dereva siku ya mapumziko gari likiwa nyumbani kwake, wala ya kutunza safari zake miaka na miaka. Mafuta yanalindwa na kumbukumbu za wiki chache.

Wengine watasema asiye na hatia hana cha kuficha, hasa chini ya utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu Kaskazini na Ituri tangu 6 Mei 2021. Mama anayesafirisha kahawa kutoka Butembo hana hatia, na bado ana kila sababu ya kuficha saa atakayopita msituni. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Sheria ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023 imeongeza ulinzi wa habari za watu na imetaja mamlaka ya kuusimamia. Maandishi tunayo. Kinachokosekana ni mikataba ya kazi inayoyatumia, na mahali pa kuianzia pako hapa: ACCO, chama cha madereva, na FEC, shirikisho la wafanyabiashara, ya Butembo na Beni wanaweza kukubaliana karatasi moja ya kuambatanishwa kwenye kila mkataba, inayosema kama gari lina GPS, nani anaiona, na kumbukumbu zinafutwa lini.

Nawe msomaji, ukiuza gari lako, futa kwanza majina na namba za simu ulizoziunganisha kwenye redio yake. Na ukinunua lenye ramani ya Kijapani, fahamu kwamba huenda mwenye gari wa kwanza ameacha humo alama ya nyumba yake. Na siku ajali ikitokea mifuko ya hewa ikafunguka, mwambie fundi asifute kitu. Kisanduku kikitolewa, kifungwe, kiandikwe namba ya gari na tarehe, na kikae kwa wakili au mbele ya mashahidi wawili mpaka kesi iishe.