Mbolea ya matangi ya samaki: Faida ipo, lakini chunga shaba

MIMEA inayopandwa katika tangi la samaki wa mapambo hulalamika kwa majani yake machanga. Jani jipya likitoka la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi upungufu ni wa chuma. Hapo ndipo mteja hurudi dukani kuulizia chupa ya mbolea.

Chupa hiyo kwa sehemu kubwa ni maji. Kilichomo ni chuma, manganizi, zinki, boroni, shaba na molibdeni kwa viwango vidogo sana. Madini hayo hayo, yakiwa katika unga, hutumiwa na wakulima wa maua na mboga wanaopitisha mbolea kwenye mabomba ya umwagiliaji. Muuzaji wa samaki anayejua kupima anaweza kujitengenezea mwenyewe. Katika miaka ya 1990 Paul Sears na Kevin Conlin, wafugaji wa Amerika ya Kaskazini, walieneza mchanganyiko wa aina hiyo na kuupa jina la matone ya maskini.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme pakiti inaonyesha chuma asilimia 6. Gramu 5 zikiyeyushwa katika mililita 250 za maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa, kila mililita hubeba miligramu 1.2 za chuma. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni miligramu 0.1 kwa lita ya maji ya tangi. Tangi la sentimita 100 kwa 30 kwa 40 ni lita 120, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu hubaki kama lita 100. Hilo linahitaji mililita 8 kwa wiki. Kilo moja ya unga hutoa chupa 200 za namna hiyo.

Hata hivyo, si kila unga unafaa. Chuma cha kawaida cha salfeti hugeuka kutu na kuzama kabla mmea haujakila, hivyo hutakiwa kile kilichofungwa kwa EDTA. Katika maji ya kisima yenye chokaa, ambayo pH yake hupita 7, hata EDTA huanza kukiachia. Hapo DTPA hustahimili zaidi. Fosfeti isitiwe katika chupa hiyo, kwani hushikana na chuma na kufanya mashapo. Chupa iwe ya rangi nzito, ikae gizani, kwa sababu mwanga huvunja EDTA.

Panapoumiza mfuko ni shaba. Pakiti yenye shaba asilimia 0.1 na chuma asilimia 6 huacha shaba kidogo mno kwenye tangi. Lakini zipo mbolea za kupulizia majani zenye shaba nyingi. Ikiwa asilimia 2, kipimo kile kile cha mililita 8 huingiza takriban miligramu 0.03 kwa lita kila wiki. Samaki wengi watavumilia. Kamba wadogo na konokono huweza kufa, na mteja aliyewanunua kwa bei kubwa hatarudi kwa ajili ya mbolea wala samaki.

Kwa hiyo kabla ya kununua unga, muuzaji asome kwanza mstari wa shaba kwenye pakiti. Pakiti isiyoonyesha asilimia zake aiache dukani, hata ikiwa ya bei nafuu.