Hofu Inayobaki Maji Yakisha Kupita

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, baada ya mvua nyingi. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Mkulima ajua kuhesabu hasara ya namna hii: ng'ombe wangapi, ekari ngapi. Lakini iko hasara nyingine ambayo hakuna bwana shamba awezaye kuipima, nayo huonekana nyumbani majuma au miezi baadaye.

Mtu aliyeokoka katika maafa kama hayo huweza kushtuka kila mvua ipigapo mabati. Halali, ama akilala huota maji yale yale. Hukataa kushuka mtoni. Wengine hupatwa na jambo la ajabu zaidi: akili huondoka. Mama yu jikoni, maziwa yanafurika motoni, naye anayatazama tu bila kuyaona. Ukimwuliza baadaye atasema alijiona kama yu mbali na mwili wake, na sauti za watu zilikuwa kama za ng'ambo ya ukuta. Majirani husema ni uvivu, au amerogwa. Sivyo. Hatari ilipozidi kiasi, akili yake ilijitenga ili aweze kustahimili, na sasa hufanya vivyo hivyo hata pasipo na hatari.

Hali hiyo ikimjia, usimkamate kwa nyuma wala usimpigie kelele. Mwite kwa jina lake, polepole. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Akanyage chini kwa nguvu, anawe kwa maji baridi, ataje vitu vitano anavyoviona: jembe, kuku, ndoo, cho chote. Aweza kujifunza kufanya hivyo mwenyewe. Mpaka atakapojua kuitambua dalili ya kwanza, asiendeshe trekta, asinyunyize dawa za mimea, wala asiachwe peke yake kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Kwa watu wengi dalili hizi hupungua zenyewe katika majuma ya kwanza. Zikipita mwezi mmoja, au zikimzuia kufanya kazi, aende hospitali akaeleze yote, maana matibabu yapo. Mtaalamu aliyefundishwa humsaidia kuyakumbuka mambo yale kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa, mpaka ukali wake upungue. Si kazi ya jamaa kumshurutisha aseme yote usiku mmoja. Kufanya hivyo huweza kumwumiza zaidi. Pombe nayo, ambayo wanaume wengi huikimbilia, huleta usingizi mfupi na kuzidisha hofu. Na akisema afadhali naye angalikufa, msingoje huo mwezi: mpelekeni siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Hata aliyepona aweza kurudiwa na hofu mvua za masika zinapoanza. Wenziwe wakijua mapema, waweza kupanga mtu wa kulala naye nyumba moja majuma hayo, na kazi za mtoni zifanywe na wengine.